Shajara ya mradi: Kumjenga Teleocrater wa Ruhuhu

Mradi: sanamu ya ukubwa halisi ya Teleocrater rhadinus, mtambaazi wa kale aliyetoweka, kwa ajili ya chumba cha sayansi cha shule yetu ya sekondari, Songea. Vifaa: nondo nyembamba, waya wa kufungia, wavu wa kuku, magazeti, uji wa gundi ya ngano, jipsamu, msasa, rangi. Watu: klabu ya sayansi, fundi wa kuchomelea, mwalimu wa jiografia, na mimi wa baiolojia.

Januari, wiki ya tatu

Tumekubaliana. Sanamu ya kwanza itakuwa ya Teleocrater, si ya yule dinosaria wa Tendaguru mwenye shingo ndefu ambaye wanafunzi wengi walimtaja kwanza. Nilimtetea sana kwenye kikao, na sababu zangu naziandika hapa ili mwalimu atakayekuja baadaye azikute.

Kwanza ni mahali. Mifupa yake ilitoka Bonde la Ruhuhu, mto unaomwaga maji Ziwa Nyasa pale Manda. Baadhi ya wanafunzi wetu wana babu na bibi wanaolima huko, wamepita juu ya mawe hayo tangu utotoni bila kuambiwa yamebeba nini.

Pili, na hili ndilo zito: sijui mnyama mwingine kutoka ardhi yetu anayeonyesha wazi hivi jinsi mifupa michache mipya inavyoweza kubadili tulichodhani tunakijua. Zaidi ya miaka 80 alikaa kwenye makabati ya Uingereza bila mtu kuwa na uhakika ni wa ukoo gani. Mwaka 2015 mifupa mingine ikapatikana. Mwaka 2017 jibu likachapishwa kwenye jarida la Nature, na wote wanaochunguza chimbuko la dinosaria na ndege wakalazimika kuchora upya sehemu ya chini ya mti wa ukoo.

Tatu, anaenea chumbani. Toka pua hadi ncha ya mkia anakadiriwa mita 2 hadi 3, nyongani alisimama kama sentimita 60, uzito wake kilo 10 hadi 30. Giraffatitan wa Tendaguru, kama alivyosimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, ana kimo cha mita 13.27.

Februari, wiki ya kwanza

Kipindi cha klabu tumekitumia kupanga historia ya mifupa yenyewe, kwa sababu sitaki mwanafunzi yeyote ashike wavu wa kuku kabla ya kujua kinachojulikana kimejulikanaje.

Mwaka 1933 Francis Rex Parrington wa Cambridge alikusanya visukuku Ruhuhu. Miongoni mwake kulikuwa na pingili za uti wa mgongo, vipande vya nyonga na mifupa ya miguu ya mnyama mmoja mwembamba, mwenye shingo ndefu. Mwanafunzi wa Cambridge, Alan Charig, aliichunguza katika tasnifu yake ya udaktari miaka ya 1950 na kumpa mnyama jina la Teleocrater. Jina lile halikuwahi kuchapishwa rasmi enzi za uhai wake. Charig alifariki mwaka 1997. Waliomchapisha mnyama mwaka 2017, wakiongozwa na Sterling Nesbitt, walimweka Charig kwenye orodha ya waandishi, miaka 20 baada ya kifo chake. Nilipowaeleza hilo, darasa lilinyamaza. Nadhani walielewa kwamba kazi ya namna hii hupokezanwa, na anayeianza anaweza asiuone mwisho wake.

Kikwazo kilikuwa nini? Mifupa ya 1933 haikuwa na kifundo cha mguu. Kwa mtu wa kawaida hilo ni pengo dogo, lakini kwa mnyama huyu ndilo lililokuwa swali lote. Wiki ijayo nitalichukulia kipindi kizima.

Februari, wiki ya pili

Kabla ya kifundo, michoro. Niliwaomba wanafunzi wachore wanavyofikiri babu wa dinosaria alivyoonekana. Karibu wote wamechora kitu kidogo chenye miguu miwili, mikono mifupi kifuani, kikikimbia. Mmoja aliongeza manyoya.

Picha hiyo si ya kitoto hata kidogo. Wataalamu wenyewe walikuwa nayo kwa muda mrefu. Jamaa wa karibu wa dinosaria waliokuwa wakifahamika vizuri, kama Marasuchus na Lagerpeton wa Argentina, walikuwa wadogo, wembamba, wenye miguu mirefu ya nyuma. Dinosaria wa kale wanaojulikana vizuri, Eoraptor na Herrerasaurus, nao wa Argentina, wenye umri wa kama miaka milioni 231, walitembea kwa miguu miwili. Mtu akiunganisha nukta hizo anapata mstari ulionyooka: kiumbe kidogo cha miguu miwili, kisha dinosaria mdogo wa miguu miwili, kisha wale wakubwa. Kulikuwa na pengo nyuma ya nukta ya kwanza, na pengo hilo likajazwa kwa kuurefusha mstari uleule kinyumenyume.

Michoro yote nimeibandika ukutani. Itabaki pale hadi sanamu isimame, iwe kando yake.

Februari, wiki ya tatu

Kipindi cha kifundo. Naandika kwa kirefu kwa sababu kila kitu kwenye sanamu hii kinategemea hapa.

Nilileta miguu ya kuku, minofu na kucha, tukaichemsha hadi nyama ikatoka. Kila kundi likapewa mguu mmoja. Swali la kwanza: goti liko wapi? Wote wakashika pale mguu wa kuku unapokunjika kuelekea nyuma, panapoanzia magamba. Pale ni kifundo. Goti liko juu, limefichwa karibu na mwili, na sehemu yenye magamba ambayo wengi huiita mguu ni unyayo uliorefuka. Kuku anatembea kwa vidole.

Kisha tukatazama mwisho wa muundi. Kwa kuku aliyekomaa, mifupa ya juu ya kifundo imeungana kabisa na muundi, huoni hata mstari. Kiungo kinapita chini yake, na mguu unakunjika mbele na nyuma tu, kama bawaba ya mlango. Dinosaria nao walikuwa na kiungo cha namna hiyo. Kisigino kinachochomoza nyuma hawakuwa nacho.

Mguu wa mamba hatuna, kwa hiyo nilichora ubaoni. Mamba ana mifupa miwili ya kifundo: mmoja wa ndani, ulioshikana na muundi, na mmoja wa nje wenye kisigino kilichochomoza kwa nyuma. Kiungo kikuu kinapita kati ya mifupa hiyo miwili. Mmoja una kinundu cha mviringo, mwenzake una kishimo cha kukipokea, na unyayo unaweza kuzunguka kidogo wakati mnyama anapojisukuma mbele.

Mamba na ndege wa leo ndio waliosalia wa kundi moja kubwa, arkosauria. Ukoo huo uligawanyika matawi mawili zamani sana: tawi la mamba, na tawi la ndege ambalo ndani yake mna dinosaria wote. Kwa miongo mingi kifundo kilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza mtaalamu alivyovitazama. Kifundo cha kuzunguka chenye kisigino, mweke upande wa mamba. Kifundo cha bawaba, mweke upande wa ndege. Ndiyo maana mifupa ya Parrington ilikwama: shingo ilikuwa inasema hivi, nyonga inasema vile, na kile ambacho kingeamua hakikuwepo.

Mifupa ya 2015, iliyochimbwa eneo lilelile la Ruhuhu na kuhifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ilitoka kwa wanyama wasiopungua watatu. Safari hii kifundo kilikuwemo. Na kilikuwa cha mamba: kisigino kimechomoza, kishimo na mviringo wake vipo.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, basi kesi imekwisha. Ni wa tawi la mamba."

Nilitamani swali hilo liulizwe, na likaulizwa. Hapana, kwa sababu mifupa mingine ilikataa. Alama za misuli kwenye miguu ya nyuma ni za tawi la ndege. Kwenye mfupa wa paji la uso kuna bonde la kushikia misuli ya taya, ambalo kabla ya hapo lilihesabiwa kuwa la dinosaria. Sifa zote zilipopimwa kwa pamoja, Teleocrater alikaa upande wa ndege, tena chini kabisa ya tawi hilo, mapema kuliko wote tuliokuwa tukiwajua. Ana kifundo cha mamba kwa sababu babu wa pamoja wa mamba na ndege ndiye aliyekuwa nacho. Tawi la mamba lilikihifadhi. Tawi la ndege lilikuwa nacho pia mwanzoni, likakiacha baadaye.

Kwa maneno mengine, kile kilichokuwa kikitumika kumtambulisha mtu wa ukoo wa mamba kilikuwa urithi wa koo zote mbili. Tulirudia sentensi hiyo mara kadhaa, kila kundi kwa maneno yake. Yule msichana akasema mwishoni: "Kwa hiyo kuku ndiye aliyebadilika, mamba amebaki na cha babu." Kwa upande wa kifundo, hivyo ndivyo ilivyo.

Machi, wiki ya kwanza

Fremu. Fundi amekata nondo na kuchomelea uti wa mgongo, nyonga na mabega. Miguu minne, yote inagusa chini: uwiano wa miguu ya mbele na ya nyuma ndio uliowafanya watafiti waseme alitembea kwa minne. Kisigino tumekitengeneza kwa kipande cha nondo kilichopindwa, kirefu kidogo ili kisipotee chini ya jipsamu.

Machi, wiki ya tatu

Nyonga imetuchelewesha, na nafurahi ilitupa muda wa kubishana. Dinosaria wana tundu la nyonga lililo wazi, unaweza kupitisha kidole ukatokea upande wa pili, na kichwa cha mfupa wa paja huingia kwa pembeni ili mguu usimame wima chini ya mwili. Kwa Teleocrater tundu hilo limezibwa kwa mfupa; jina alilolichagua Charig linatokana na sifa hiyo. Mwalimu wa jiografia alitaka miguu iwe wima kama ya ng'ombe. Mimi nilitaka itanuke kidogo nje. Nimeshikilia msimamo wangu: mnyama mwenye nyonga na kifundo vya namna hii simpi mwendo wa dinosaria kwa sababu tu wajukuu wa ukoo wake walikuja kuupata. Miguu imetanuka kiasi, tumbo liko juu ya ardhi.

Katika mabishano hayo nilieleza habari ya Berlin. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na mamia ya watu wa kusini mwa Tanganyika ndio walioifukua na kuibeba hadi bandari ya Lindi. Mnyama yule alisimamishwa kwa miaka mingi katika mkao ambao baadaye ulionekana hauendani na ushahidi. Aliposimamishwa upya mwaka 2007 miguu ya mbele ilinyooshwa chini ya mwili na mkia ukainuliwa. Mifupa ni ileile, mkao ni mwingine. Kama Berlin walikubali kumfungua na kumfunga tena mnyama wa ukubwa ule, nasi tumeacha sehemu za bega na nyonga zifungwe kwa nati, zisichomelewe.

Aprili, wiki ya kwanza

Wavu na magazeti vimefika shingoni. Pingili za shingo ni ndefu, na jambo hili linamuunganisha na jamaa zake wa nchi za mbali: Yarasuchus wa India, Dongusuchus wa Urusi, Spondylosoma wa Brazili. Wote hao walikuwa vipande vya mafumbo katika nchi mbalimbali kabla ya 2017. Teleocrater, akiwa na mifupa mingi zaidi, ndiye aliyewezesha wawekwe kundi moja, Afanosauria. Mwalimu wa jiografia ameshika usukani hapa na ramani yake ya Pangea, wakati mabara yalipokuwa yameshikana: kwa mnyama wa nchi kavu, kutoka Ruhuhu hadi kulikokuja kuwa India hakukuwa na bahari ya kuvuka.

Hili nalisisitiza kwa klabu: kisukuku kipya hakiongezi tu jina kwenye orodha, bali hubadilisha na vile vya zamani. Mifupa ya Yarasuchus haikusogea hata kidogo kabatini mwake, lakini maana yake ikawa nyingine kwa sababu ya kilichochimbwa mkoani kwetu.

Aprili, wiki ya tatu

Kichwa. Vipande vya fuvu vilivyopatikana ni vichache, vikiwemo vya taya la juu na paji la uso. Meno ni bapa, yamepinda nyuma, kingo zake zina misumeno midogo: alikula nyama. Sehemu nyingine za kichwa tunalazimika kukisia kutoka kwa jamaa zake.

Tumeamua hivi. Upande wa kushoto wa sanamu utakuwa mnyama kamili, mwenye ngozi na jicho. Upande wa kulia utakuwa mwili uliopakwa rangi mbili: kahawia pale ambapo mfupa wenyewe umepatikana, nyeupe pale tunapokisia. Kichwa upande wa kulia kitakuwa cheupe karibu chote. Wanafunzi wawili walilalamika kwamba kitaonekana hakijamalizika. Niliwaambia watakapoletewa habari kwamba fuvu limepatikana, wao ndio watakaokuja na brashi. Nalisema kwa dhati: mmoja wao anaweza kuwa ndiye atakayeliokota.

Mei, wiki ya kwanza

Mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wetu, amekuja kutoka upande wa Ruhuhu kuona kazi. Baada ya shikamoo na chai alituzungusha kwenye sanamu akauliza maswali ya maana kuliko yangu: mawe gani, rangi gani, mvua ya mwaka gani iliyoyafunua. Alisema utotoni waliona wageni wakiokota mawe na vijana wa kijijini wakiwabebea.

Maneno yake yalinirudisha kwa Mambawakale ruhuhu, mnyama mwingine wa kale wa Ruhuhu. Fuvu lake, lenye urefu wa zaidi ya sentimita 75, lilikusanywa mwaka 1963 na msafara wa Waingereza, likasubiri hadi 2022 kuchapishwa rasmi. Waliolichapisha walichagua jina la Kiswahili makusudi, kwa heshima ya Watanzania waliofanya kazi kubwa katika msafara ule na ambao majina yao hayakuandikwa popote. Nilimsomea mzee sehemu hiyo. Aliniomba niirudie.

Nimeongeza kazi moja kwenye mpango wetu: wanafunzi wenye jamaa huko wawaulize wazee, kwa adabu na kwa ridhaa yao, nani walifanya kazi na misafara ile, na waandike. Ushahidi unaobadilisha historia ya wanyama ulipita mikononi mwa watu, na sehemu hiyo ya historia nayo ina pengo. Kwangu hili lina uzito uleule wa kifundo.

Mei, wiki ya tatu

Ngozi na rangi. Hakuna ngozi ya Teleocrater iliyohifadhiwa. Tumempa magamba madogo na rangi ya udongo, bila madoa wala mistari ya kumpamba.

Juni, wiki ya pili

Amesimama. Sasa ni ukuta.

Mti wa ukoo tumeuchora kwa chaki ya rangi, na kila mnyama ana kadi yake inayoning'inia kwenye msumari ili ihamishike. Teleocrater chini kabisa ya tawi la ndege. Juu yake tumegawanya: upande mmoja pterosauria wenye mabawa ya ngozi, pamoja na jamaa wa Lagerpeton, ambao tangu 2020 wanawekwa karibu nao, upande wa pili dinosaria na jamaa zao. Kadi ya Lagerpeton ndiyo ya kwanza kuhamishwa, kwa sababu vitabu tulivyonavyo maktabani bado vinamweka kwa dinosaria.

Kadi ya Nyasasaurus parringtoni tumeitundika penye alama ya kuuliza. Naye ni wa Ruhuhu, mifupa yake ilikusanywa miaka ya 1930, akachapishwa 2012. Unao mfupa wa juu wa mkono na pingili kadhaa tu. Ukikata kipande chembamba cha mfupa huo na kukitazama kwa hadubini, unaona mfupa uliokua haraka, na juu yake kuna alama za misuli zinazofanana na za dinosaria. Huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, huenda ni jamaa wa karibu tu. Baadhi ya wanafunzi walitaka kuandika "dinosaria wa kwanza duniani ni Mtanzania". Nimekataa. Mkono mmoja na pingili chache hazitoshi kubeba maneno hayo, na ninaowajali zaidi ni wale watakaosoma kibao hiki wakiwa na miaka 13 na kukiamini.

Umri wa Teleocrater tumeandika "kama miaka milioni 245". Chini yake, kwa herufi ndogo, tumeeleza unavyopatikana: kwa kulinganisha wanyama wa tabaka la mawe ya Ruhuhu liitwalo Manda na wale wa Karoo, Afrika Kusini. Umri unaokisiwa kwa njia hiyo unaweza kusogezwa, na msomaji ana haki ya kulijua hilo.

Michoro ya Februari bado iko ukutani, kando ya sanamu yenye miguu minne.

Juni, wiki ya nne

Vifaa vilivyobaki vinatosha sanamu moja ndogo. Kura imemwangukia Asilisaurus kongwe, aliyechapishwa 2010 kutokana na mifupa ya wanyama wasiopungua 14 wa Ruhuhu. Yeye yuko karibu zaidi na dinosaria kuliko Teleocrater, lakini naye alitembea kwa miguu minne. Tutaanza na taya la chini, kwa sababu ncha yake haina meno, imechongoka kama mdomo, na meno ya nyuma yake si ya mla nyama tu. Fundi ameomba vipimo vya taya kabla ya Ijumaa.